Maswali ya wasomaji: mchwa kala kanga, kaacha sahani

SWALI: Shikamoo. Niko Nzuguni hapa Dodoma, nilikuwa na sanduku la mbao nimeliweka chini chumba cha stoo toka mwezi wa sita, juzi nafungua nikabaki nalia, kanga mbili zimebaki vipande na bahasha ya vyeti vya shule vya mwanangu imeliwa katikati, ila sahani za plastiki na gauni la poliesta vipo vilevile. Na sakafu ni ya saruji! Hivi mchwa anakula nini haswa?
Mama wa watatu, Nzuguni

JIBU: Marahaba mama, pole sana, vyeti vinauma kuliko kanga, nenda shuleni mapema ukaulizie utaratibu wa kupata vingine.

Ukiangalia alichokula na alichoacha jibu unalo tayari. Mchwa anatafuta selulosi, yaani ile nyuzinyuzi inayojenga mwili wa mmea. Mbao ni selulosi, karatasi imetokana na miti, kanga ya pamba ni mmea pia, kwa hiyo kwake sanduku lako lote lilikuwa chakula kimoja. Plastiki na poliesta hazina hicho kitu, na saruji pia mchwa haili, anachofanya ni kutafuta ufa au pembe ambapo sakafu haijashikana vizuri na ukuta, anapita hapo na kujenga vile vijia vya udongo maana ngozi yake laini inakauka haraka akikaa kwenye hewa kavu, na Dodoma yetu unaijua ilivyo kavu.

Sasa hapa ndo pananishangaza mimi kila siku. Hawa mchwa wa vichuguu vikubwa selulosi wanaipata kwa msaada wa uyoga. Wanameza vipande vya mbao na majani makavu, wanavitoa vikiwa havijasagika vizuri, wanavirundika ndani ya kichuguu kama sega la nyuki na juu yake unaota uyoga ambao unalainisha ile mbao ngumu, alafu ndo wanakula sega lililoiva pamoja na vijivimbe vyeupe vya uyoga. Wale uyoga wakubwa mnaochuma kwenye vichuguu mvua zikikolea wanatoka kwenye shamba hilohilo la chini! Na anayekula kwa mdomo wake mwenyewe ni mfanyakazi tu. Askari taya zake ni za vita, hawezi kutafuna, analishwa mdomoni, na malkia naye analishwa hivyohivyo. Mwenzao akifa wanamla, maana mbao ina naitrojeni, yaani kirutubisho cha kujenga mwili, kidogo sana kwa hiyo hawatupi kitu.

Kwa hiyo mama sanduku liinue, weka juu ya matofali mbali na ukuta, ziba nyufa, na kila wiki pitisha macho, ukiona kijia cha udongo kwangua. Ukipata uwezo wa kununua lingine tafuta la mninga au mkongo, hizo mbao mchwa anazikwepa sana.

SWALI: Habari za kazi. Mahindi yangu Kongwa yakikaribia kukauka mchwa wanayaangusha chini, na mimi shamba nalisafisha kabisa, mabua yote nachoma. Nakosea wapi?
Mkulima, Kongwa

JIBU: Nzuri ndugu yangu. Nadhani hapo kwenye kuchoma ndo penye shida. Mchwa wengi wanapenda kilichokauka, ukimwondolea mabua na majani yote kinachobaki shambani ni hindi lako, na mwaka wa ukame likinyauka ndo analipenda zaidi. Acha mabua yalale shambani apate kingine cha kula, mara nyingi inapunguza ingawa haimalizi, na mahindi yakikomaa usiyaache yasubiri. Karanga ndo usicheleweshe kabisa, anakwangua ganda na ukungu unaingia hapohapo. Kama una kuku watumie hao mchwa, jaza chungu mavi makavu ya ng'ombe na mabua, nyunyiza maji, jioni kifunike kwenye tundu lao, asubuhi na mapema kabla jua halijawa kali unakuta wamejaa, vifaranga wanakua vizuri sana.

SWALI: Kumbikumbi wakitoka wanafuata taa tu, sijawahi kuona wakila. Wanaishi vipi?
Mwanafunzi, Bahi

JIBU: Wamekula kabla, mwanangu. Wamelishwa kichuguuni mpaka wamejaa mafuta, ndo mana tukiwakaanga hatuwekei mafuta. Wengi wanaliwa na ndege, vyura na sisi, ila dume na jike wakinusurika wanadondosha mbawa, wanachimba shimo na kujifungia, wanalea watoto wa kwanza kwa yale mafuta ya mwilini pamoja na misuli ya mbawa ambayo hawaihitaji tena. Wale watoto wakikua kidogo ndo wanatoka kutafuta chakula, na kuanzia hapo wazazi wanalishwa maisha yao yote.