Mtoto wa Mbwa Mdogo Akikataa Kula, Usimsubirishe Mpaka Jumatatu

"Shikamoo dada. Mtoto wangu wa Pomeranian, miezi miwili na nusu, anatapika tangu mchana. Chakula hataki, maji anakunywa kidogo. Duka la dawa za mifugo wamenipa Flagyl. Daktari wangu anafungua Jumatatu. Nisubiri?"

Ujumbe huu umenifikia Ijumaa usiku. Sikumwandikia, nilimpigia. Ukimwita anainuka? Fizi zina rangi gani? Akasema amelala kwenye vigae, akiitwa anafumbua jicho tu na kulifumba. Nikamwambia, mdogo wangu, mfunge kwenye kanga, ita bajaji, mtafute daktari mwingine usiku huu huu. Namba nilizonazo nikamtumia zote.

Wengi mnaonifuata mnamjua mbwa wangu Kashata wa kwenye picha, aliyenyoshwa manyoya, anayekalia kochi utadhani analipa kodi. Hamkumwona akiwa mifupa na ngozi, kanula, kile kimrija cha dripu, imefungwa mguuni kwa plasta, mguu wenyewe mwembamba kama penseli. Leo nataka niwasimulie, maana maswali ni yale yale na nimechoka kupokea ujumbe wa pili unaosema "dada, amekufa."

Kashata ni Maltese. Nilimnunua hapa hapa Dar kwa muuzaji anayetangaza mtandaoni, akiwa na wiki saba, hata kilo moja hajafika. Nikaambiwa, "Keshachanjwa huyo, yuko kamili." Nikapewa na kadi. Siku za mwanzo alikuwa hana adabu kabisa: anang'ata kandambili, anaibwekea ndala ya baba, akisikia mfuniko wa kopo la chakula anafika jikoni kabla yangu.

Halafu asubuhi moja nikafungua kopo, hakuja.

Hiyo ndiyo ilikuwa dalili, na ilikuwa hiyo tu. Hakukuwa na tapishi wala damu. Kila niliyemwambia alikuwa na jibu lake: ni joto, ni meno, ni minyoo, mpe maziwa. Mama alisema mbwa hafi kwa kukosa chai. Saa sita mchana akatapika povu la njano, nami nikawa tayari niko mlangoni na mkoba. Daktari alichukua kinyesi kidogo kwa kijiti cha pamba, akakiweka kwenye kipimo cha haraka, tukakaa tunakitazama kama wanaosubiri matokeo ya kidato cha nne. Mstari wa pili ukatokea. Parvo, ugonjwa wa virusi wa mbwa. Kuharisha damu kulikuja jioni, akiwa tayari kwenye dripu, pamoja na ile harufu ambayo ukiinusa mara moja hutakihitaji tena kipimo.

Sasa shikeni hapa. Watu wengi wanangoja waione damu ndipo waamini kwamba mbwa anaumwa. Virusi vya parvo vinashambulia seli zinazozaliana haraka, hasa ukuta wa utumbo na uboho wa mifupa ambako chembe nyeupe za damu hutengenezwa. Ukiiona damu, utumbo umeshachubuka, bakteria wa tumboni wana njia ya kuingia kwenye damu, na askari wa kupambana nao wamepungua. Umechelewa, ingawa hujachelewa kabisa. Mbwa wa parvo asiyetibiwa mara nyingi hufa. Anayewahishwa na kutibiwa vizuri, mara nyingi hupona. Tofauti yao kwa kawaida ni saa ambazo mwenye mbwa amezitumia kuuliza majirani.

Na kwa hawa wadogo, Chihuahua, Maltese, Yorkshire Terrier, Pomeranian, saa zenyewe ni chache zaidi. Mtoto wa mbwa wa gramu 900 ana damu kama mililita 80 mwili mzima, haifiki nusu ya kikombe cha chai. Akitapika mara chache na kuharisha, maji yaliyopotea ni mengi sana kwake, wakati mbwa wa ulinzi wa kilo 30 angeyapoteza na bado akabweka. Pili, hana akiba. Ini lake halihifadhi sukari ya kutosha na mafuta mwilini hana. Akikosa mlo mmoja au miwili, sukari inashuka: analegea, anayumba kama mlevi, anatetemeka, mwisho anapata degedege. Wengine wanauawa na sukari kabla virusi havijamaliza kazi yake.

Ndicho kilichomkuta yule Pomeranian wa Ijumaa. Hakuwa na parvo. Alikuwa na minyoo tele na sukari iliyoshuka vibaya. Ukiwa nyumbani huwezi kuyatofautisha haya na parvo, na wala si kazi yako kuyatofautisha. Kazi yako ni kufika.

Kwa hiyo mnaniuliza, dada, nifanyeje? Mtazame fizi. Za mbwa mwenye afya ni za waridi na zina unyevu. Ukibonyeza kwa kidole panakuwa peupe, ukiachia rangi inarudi ndani ya sekunde mbili. Zikiwa nyeupe, au zinanata, au rangi inachelewa, acha kusoma hii makala, nenda. (Kama fizi zake ni nyeusi kwa asili, vuta kope ya chini utazame ndani yake.) Vuta ngozi ya mabegani kidogo; ikibaki imesimama, maji yamemwishia. Kipimajoto hupitishwa njia ya haja kubwa, kimepakwa mafuta, na joto la kawaida ni kati ya nyuzi 38.3 na 39.2. Watu wanaogopa homa, lakini mimi naogopa zaidi mtoto mgonjwa aliyepoa, joto limeshuka chini ya 37.5. Huyo anaondoka.

Akiwa amelegea, mpake asali au sukari iliyokorogwa na maji kidogo kwenye fizi, kwa kidole. Usimmiminie mdomoni akiwa hajitambui, itaingia mapafuni. Mfunike, maana hawezi kujipasha mwenyewe. Hiyo ni huduma ya kukufikisha kwa daktari tu. Kuna msomaji alimpaka asali, mtoto akasimama, akafurahi na kwenda kulala. Sukari ilishuka tena alfajiri.

Dawa za binadamu acheni. Diklofenaki na ibuprofeni zinaweza kumtoboa tumbo na kumharibu figo. Dawa ya kufunga kuharisha usimpe bila daktari. Anayetapika usimlazimishe uji wala maziwa ya ng'ombe. Na ile Flagyl ya dukani haigusi virusi. Inakupa tu hisia kwamba kuna kitu umefanya.

Kwa daktari mambo si ya kimiujiza. Kashata aliwekewa dripu yenye glukosi, sindano ya kuzuia kutapika, antibaiotiki kwa ajili ya wale bakteria, na kutengwa na wanyama wengine. Kutapika kulipotulia akaanza kupewa chakula laini kwa vijiko vidogo, kwa sababu utumbo unaopewa chakula mapema unajitengeneza haraka kuliko unaoshindishwa njaa. Alikonda mpaka nikawa namwogopa kumshika. Kisha siku moja akamng'ata muuguzi, na daktari akasema hiyo ndiyo habari njema ya wiki.

Bili ilikaribia bei niliyomnunulia. Nimeambiwa maneno mengi. "Mbwa anatundikiwa dripu?" "Hela hizo si ungelipia mtoto wa mtu ada?" Walioyasema hawajawahi kulipia ada ya mtoto wa mtu yeyote. Bado yananiuma, sitasema uongo. Lakini ukimfungia kiumbe ndani ya geti lako, hawezi kwenda hospitali mwenyewe. Kama huna uwezo wa daktari, huna uwezo wa mbwa, hata ukipewa bure. Semeni nina kiburi, nimezoea.

Na yule muuzaji bado anauza. Daktari aliitazama ile kadi akaniuliza stika iko wapi. Chanjo halisi huacha stika ya chupa yenye namba ya toleo, tarehe, na muhuri wa aliyechoma. Yangu ilikuwa na tiki ya kalamu. Hata kama angechoma kweli, mtoto wa wiki saba hawezi kuwa "kamili". Kinga anayopewa na mama kwenye maziwa ya kwanza inaweza kuizima chanjo, ndiyo maana inaanza kwenye wiki ya 6 hadi 8 na kurudiwa kila baada ya wiki mbili hadi nne, mpaka afikishe angalau wiki 16. Mpaka hapo asishushwe barabarani, asipelekwe kunusana na mbwa wa jirani, na viatu vya wageni vibaki nje. Virusi vinasafiri kwenye soli.

Waliopoteza mbwa wao kwa parvo wananiuliza kama wanaweza kuchukua mwingine sasa hivi. Hapana. Virusi hivi vinaweza kuishi kwenye udongo wenye kivuli hata mwaka mzima, na sabuni au dettol haziviui. Sakafu isafishwe kinyesi chote kwanza, ndipo ipakwe jiki, sehemu moja kwa 30 za maji, iachwe imelowa dakika kumi. Udongo wa uani hausafishiki kwa jiki. Tandiko choma moto, bakuli la plastiki lililokwaruzika tupa. Ukishindwa kabisa kukaa bila mbwa, chukua mkubwa aliyemaliza chanjo zake, mwenye kadi yenye stika, na umpigie daktari aliyeisaini kabla hujatuma hela.