Akili mnemba na mazoezi ya darasani: niliyoyaona mimi

Mkuu, umeuliza kama mwalimu wa darasa la tano anaweza kuandaa mazoezi kwa akili mnemba bila kuwapotosha watoto. Tangu ChatGPT, programu ya akili mnemba unayoiandikia ombi ikakujibu, itoke Novemba 2022 zimefuata nyingine nyingi. Mimi huu ni mwaka wa pili natumia mojawapo, kwa simu na bando langu, kwenye Hisabati na Kiswahili.

Hisabati imenipunguzia kazi kweli. Nina wanafunzi 84 kwenye mkondo mmoja, na kutunga maswali 20 ya mafumbo kulikuwa kunamaliza jioni nzima. Ila usiiambie tu "tunga maswali ya darasa la tano", itakuletea mtoto anayenunua tufaha kwa dola. Iandikie fungu la nyanya shilingi 500, nauli ya daladala, debe la mahindi. Halafu kokotoa kila swali kwa kalamu kabla hujagusa ubao. Siku moja nilikuta mtoto karudishiwa chenji kubwa kuliko pesa aliyokwenda nayo dukani.

Shida iko kwenye Kiswahili. Niliomba nomino 10 za ngeli ya U-ZI. Ikaleta ufunguo, uso, wimbo, sawa kabisa, kisha katikati ikachomeka ugonjwa. Ugonjwa huu, magonjwa haya: hiyo ni U-YA. Nikaisahihisha, ikaomba radhi na kunishukuru. Ilivyokubali haraka ikanitia shaka, nikaijaribu: nikaandika kwamba hata wimbo haumo kwenye U-ZI. Ikaomba radhi tena, ikauondoa! Wimbo huu, nyimbo hizi, nani asiyejua? Kumbe inamfuata anayesema mwisho. Mwalimu aliyepewa somo asilolisomea atapotea nayo, na watoto 84 nyuma yake.

Methali na vitendawili usiombe kabisa. Inatunga vyake na kuvipa maana, mtoto akariri kitu ambacho bibi yake hajawahi kukisikia.

Ninachofanya sasa, habari ya ufahamu naandika mwenyewe, au nachukua aya kwenye kitabu cha TET (Taasisi ya Elimu Tanzania), naibandika, naiambia itoe maswali humo humo tu. Nikiomba 15 nabakiza sita au saba, yale yanayomlazimisha mtoto afikiri badala ya kunakili sentensi. Hayo nayaandika kwenye manila kwa maka peni.

Andalio la somo siiachii. Najua wengi wanafanya hivyo, lakini yenyewe haijui kwamba jana nusu ya darasa langu walikwama kwenye kukopa makumi. Mimi nilikuwepo, niliona nyuso zao. Na majina ya watoto na alama zao usiyaweke humo hata mara moja.

Anza na aya moja ya somo la wiki hii. Maswali itakayokupa yalete hapa, tuyapitie pamoja kabla hujaingia nayo darasani.