Khanga za marehemu mama: pa kuanzia

Pole sana, dada. Umeuliza ufanye nini na khanga sita za marehemu mama, na unasema tangu msiba hujijui tena. Shona tandiko la viraka, kwa mkono.

Moja usiifue wala usiikate. Ifunge kwenye mfuko wa nailoni, maana harufu ikishatoka na sabuni hairudi. Zilizobaki loweka kila moja peke yake, maji baridi. Nyekundu huchuja na kuharibu nyeupe. Piga pasi, kisha kata miraba ya sentimita 17. Mshono ukila sentimita 1 kila upande, vipande 48 (6 kwa 8) vinatoa tandiko la sentimita 90 kwa 120. Iliyochakaa hutatuka kwenye mshono, kwa hiyo ishikize kwanza juu ya marekani (kitambaa cha pamba kisicho na rangi). Jina la khanga, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake, liache zima, ulishone pembeni.

Vipande vinane vitoke kwenye nguo zako, hata rangi ambazo mama hakuzipenda. Hapo wewe nawe unaonekana.

Nusu saa kwa siku yatosha. Wengi hukimbiza kazi iishe kabla ya arobaini, wakaichukia. Usingizi ukikukataa wiki nzima, weka sindano chini umwone mshauri nasaha.