Mkali Kidogo, Vamizi Kidogo

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa uhandisi wa vifaa tiba, naishi Mbeya. Mradi wangu wa mwaka wa mwisho unahusu kifaa chembamba cha kushikia viungo vya ndani ya tumbo wakati wa upasuaji unaofanywa kwa kamera. Msimamizi wangu amependekeza kichwa hiki: "Kudizaini Vifaa vya Upasuaji Vamizi Kidogo". Je, hicho ni Kiswahili sahihi? Na kifaa chenyewe nikiite koleo au kibano?

JIBU: Maswali yako yamebeba mambo matatu, nami sitayagawia haki sawa, kwa kuwa mawili yanajibika kwa mistari michache na la tatu limenikaa kooni kwa muda mrefu. Nalo ni hiyo "vamizi kidogo".

Nianze na neno dogo, maana ndilo lililoharibu zaidi. Katika Kiswahili, "kidogo" likifuata neno la sifa haliifuti sifa hiyo, bali linaikiri kwa sauti ya chini. Jirani akikuambia kwamba mbwa wake ni mkali kidogo, huingii uani kwa utulivu eti kwa sababu ukali umepunguzwa. Unabaki nje ya geti na kuomba afungwe kwanza. Mama mkwe aliye mkali kidogo ni mama mkwe mkali ambaye msemaji anamstahi. Pilipili kali kidogo huwekewa maji mezani mapema. Hata fundi akisema kwamba kazi yako imechelewa kidogo, unajua kuwa kitambaa bado hakijakatwa. Kwa hiyo mgonjwa anayeelezwa kwamba atafanyiwa upasuaji vamizi kidogo ameelezwa, kwa adabu, kwamba upasuaji huo unavamia, ilhali daktari alikusudia kumtuliza kwamba madhara yake ni machache kuliko ya ule wa zamani. Jina lililotungwa kuwa faraja limegeuka kuwa onyo.

Sasa "vamizi" lenyewe. Kuvamia ni kumwangukia mtu au mahali kwa ghafla na kwa nguvu, bila kukaribishwa. Majambazi huvamia duka, siafu huvamia banda la kuku, nyani huvamia shamba la mahindi. Sina ugomvi na wahifadhi wanaosema "mimea vamizi", kwa kuwa gugu maji halikumwomba mtu ruhusa lilipoenea katika Ziwa Victoria. Lakini mgonjwa aliyesaini fomu ya ridhaa, akajilaza mezani mwenyewe na kupewa dawa ya usingizi, amevamiwa na nani? Neno la Kiingereza lililotafsiriwa hapa, "invasive", lina asili ya Kilatini, na kule maana yake ya msingi ni kuingia ndani. Madaktari hulitumia kwa maana inayokaribia hiyo, yaani jambo lolote linalopenya mwilini. Mfasiri wetu alifungua kamusi, akaikuta maana ya kijeshi imekaa mbele, akaibeba na kwenda zake.

Nina sababu ya kuwa na hasira. Miaka michache iliyopita nilimsindikiza shangazi yangu hospitalini, ambako alikuwa atolewe mfuko wa nyongo uliojaa mawe. Alipewa fomu yenye maneno hayohayo ya msimamizi wako, akaisoma kwa miwani yake hadi chini, kisha akanigeukia: "Mwanangu, hapa wanasema watanivamia kidogo. Hicho kidogo ni kiasi gani?" Sikuwa na jibu. Nesi, ambaye nadhani hakuwahi kuulizwa maana ya neno "vamizi" na asingeliweza kulitetea, aliipindua fomu ile, akachora tumbo kwa kalamu na kutia nukta nne, moja ikiwa kitovuni. "Bibi, ni matundu manne tu. Haya mengine hata kalamu hii haipiti." Shangazi akasaini. Taaluma nzima ilikuwa imeelezwa kwa neno "tundu", na nesi hakuhitaji kamusi.

Wala msidhani ni sisi tu tunaolalamika. Jina la Kiingereza, "minimally invasive surgery", lilienezwa katika miaka ya 1980 na John Wickham, daktari wa upasuaji wa njia ya mkojo huko London, na halikupita bila kupingwa na Waingereza wenyewe. Alfred Cuschieri, bingwa wa upasuaji wa Dundee, Uskoti, alishikilia kwamba kinachopungua ni ukubwa wa njia ya kuingilia, si kazi inayofanyika ndani: mfuko wa nyongo ukitolewa umetolewa, iwe kwa mkato wa shibiri nzima au kwa tundu la kitovuni. Yeye alipendelea jina linalotaja njia. Kiswahili kilikuwa na jina la namna hiyo midomoni mwa watu, "upasuaji wa matundu madogo", nalo husikika katika hospitali zetu na katika taarifa za habari. Kwa nini tuliache la kwetu lililo sahihi na kutafsiri la wenzetu ambalo wao wenyewe wanaligombania?

Kwako wewe mhandisi kuna sababu nzito zaidi, nayo ni kwamba unachokishughulikia kila siku ni tundu. Tundu lina kipenyo, milimita 5 au 10 au 12, na uvamizi hauna. Ni tundu linalokulazimisha kutengeneza kifaa chembamba chenye urefu unaozidi sentimita 30, chenye taya ndogo mbele na vishikio nyuma. Ndani ya tundu kuna bomba liitwalo troka, jina lililotokana na maneno ya Kifaransa yanayotaja pande tatu kwa ajili ya ncha yake ya pembetatu, na bomba hilo lazima liwe na vali, la sivyo gesi ya kaboni dioksidi iliyotumika kulitunisha tumbo itavuja na ukuta wa tumbo utashuka juu ya kamera. Tena tundu ndilo egemeo. Kifaa hukaa ndani yake kama kasia katika kishwara, kile kitanzi kinacholishikilia: mvuvi akivuta mpini huku, bapa linakwenda kule, na daktari akipeleka mkono kushoto, ncha ndani ya tumbo inakwenda kulia. Kwa sababu hiyo kifaa cha kawaida kinabakiwa na miendo minne tu: kuingia na kutoka, kuzunguka, kwenda juu na chini, kwenda kando na kando. Hayo yote umeyasomea, na yote yamo katika neno "tundu". Katika "vamizi" hakuna hata moja.

Nasikia tayari sauti ya atakayeniambia kwamba nimejitega mwenyewe, kwa kuwa "upasuaji" unatokana na kupasua, na tunachopasua ni kuni na mbao. Kweli. Neno hilo lilikuwa na shoka mkononi lilipoingia hospitalini, lakini limekaa humo muda mrefu likanawa mikono, na leo hakuna anayeona kuni anaposikia "daktari wa upasuaji". Huenda vizazi vijavyo vikalizoea "vamizi" vivyo hivyo. Siwezi kuvizuia, na nitakuwa sipo. Mwingine atasema kwamba upasuaji unaopitia puani hauna tundu lililotobolewa. Huyo namwomba ajiangalie kwenye kioo, kisha aniambie pua yake ina nini.

Yaliyobaki ni mepesi. "Kudizaini" nalivumilia katika mazungumzo ya karakana, kama ninavyovumilia redio ya jirani, ila si kwenye jalada la mradi. Kubuni ni kulipata wazo. Kusanifu ni kulipa wazo hilo umbo, vipimo na mpangilio. Erich Mühe, aliyetoa mfuko wa nyongo kwa njia hii huko Böblingen, Ujerumani, mwaka 1985, alitumia kifaa alichokibuni na kukisanifu mwenyewe. Wewe, ikiwa unaboresha taya na vishikio vya kifaa ambacho tayari kipo, unasanifu.

Kuhusu koleo na kibano, tazama mkono unavyofanya kazi. Kibano kinabana kwa ncha zake, na watu wengi wakilisikia neno hilo huona kitu kifupi cha kutolea mwiba. Koleo lina mikono miwili iliyokutana kwenye msumari, taya zikiwa upande mmoja na vishikio upande wa pili, na mhunzi hulitumia ili kushika kwa mbali kile asichoweza kukigusa kwa vidole. Daktari wako yuko katika hali ya mhunzi. Andika "Usanifu wa Koleo la Upasuaji wa Matundu Madogo", na msimamizi wako akiuliza "vamizi" limekwenda wapi, mpe ukurasa huu. Akiwa mkali kidogo, mpe kwa mkono mrefu.