Seti mbili za mipangilio ndani ya akaunti moja ya Linux: mimi natumia overlayfs

Mkuu, umeuliza kama laptopu moja inaweza kuwa na mwonekano wa kazi na mwingine wa kufundishia bila kufungua akaunti ya pili. Inaweza. Nafanya hivyo kwenye XFCE (mazingira ya eneokazi ya Linux) zaidi ya mwaka sasa.

Overlayfs, yaani mfumo wa faili unaoweka folda moja juu ya nyingine na kuzionyesha kama moja, imo kwenye kerneli (kiini cha Linux) tangu toleo 3.18 la 2014. Tabaka la chini linasomwa tu, la juu ndilo linaloandikwa. Ukigusa faili, nakala yake nzima inapandishwa juu; ukiifuta, juu inawekwa alama ya kuificha, ya chini inabaki salama. Basi msingi wangu ni mmoja, na kila seti ina tabaka lake la juu:

mount -t overlay overlay -o lowerdir=/tabaka/msingi,upperdir=/tabaka/darasa/juu,workdir=/tabaka/darasa/muda /home/mimi/.config

Hiyo .config ndiyo folda ya mipangilio ya programu. Amri inatolewa kama root (msimamizi wa mfumo). Folda ya workdir (ya kazi za muda za overlayfs) iwe tupu, na ikae kwenye mfumo wa faili uleule wa upperdir (tabaka la juu). Na usisahau chown (amri ya kubadili mmiliki wa folda): hiyo folda ya juu ikibaki mali ya root, .config nzima itaonekana ya root na programu zitashindwa kuandika. Hapo nilipoteza jioni nzima nikidhani panel (upau wa menyu) imeharibika!

Ukiwa GNOME (mazingira mengine ya eneokazi) faida inapungua. Mipangilio mingi imo ndani ya faili moja tu, .config/dconf/user. Ukibadilisha hata ukubwa wa herufi, faili lote linapanda juu, na chochote utakachorekebisha baadaye kwenye msingi hakikufikii tena. XFCE ina faili nyingi ndogondogo, ndiyo maana inakubali vizuri.

Kubadili seti, toka kwanza (logout), kisha, kwenye skrini ya maandishi ya Ctrl+Alt+F3, ondoa seti ya sasa kwa umount na upachike nyingine kwa mount. Usijaribu ukiwa ndani, xfconfd (programu ya XFCE inayotunza mipangilio) anashika mipangilio kwenye memori na anaweza kuiandika ya zamani juu ya mpya. Msingi nao usiuhariri wakati umepachikwa.

Kilichoniumiza zaidi ni Chromium. Profaili yake inakaa .config/chromium, kwa hiyo alamisho nilizohifadhi darasani sikuziona kazini, nikadhani zimefutika. Niliihamishia ~/kivinjari, nikaacha symlink (kiungo kinachoelekeza huko) kwenye msingi, halafu nikafuta folda za chromium zilizokwisha pandishwa kwenye kila tabaka la juu, maana zingeificha hiyo symlink.