Kabla hujafunga kamba za raba, kapime presha

Januari mwaka jana nilijiunga na klabu ya jogingi ya mtaani kwetu Tabata. Fulana nililipia, raba nikanunua Karume. Nilikuwa na miaka 47, mwili umejaa kwa kazi ya kukaa, na nia nilikuwa nayo kweli. Kupima afya ndiko sikukufanya, wala hakuna aliyeniuliza.

Jumamosi ya kwanza, kwenye kilomita ya tatu hivi, kisogo kikaanza kugonga, macho yakaona vimulimuli, miguu ikawa kama si yangu. Nikashika nguzo ya umeme. Mzee mmoja mstaafu tunayekimbia naye akarudi nyuma, akanikalisha kwenye benchi la duka ambalo lilikuwa bado halijafunguliwa.

"Mama, presha yako ikoje?"

Nikamwambia sijawahi kuumwa presha.

"Sijauliza kuumwa. Nimeuliza ikoje."

Sikuwa na jibu. Jumatatu nikaenda zahanati.

Nesi hakukimbilia kunipima. Alinikalisha dakika tano bila kuongea, akaniuliza kama nimekunywa kahawa, kama nimebanwa na haja ndogo. Mgongo kwenye kiti, nyayo chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Hapo ndipo akafunga mkanda: 172 kwa 106. Akasubiri kidogo, akarudia: 168 kwa 104. Siku mbili zilizofuata haikushuka chini ya 160. Nami nilikuwa sisikii chochote, naamka mzima, nala vizuri, nalala. Presha ndivyo ilivyo, haina adabu ya kubisha hodi.

Namba ya juu ni nguvu ya damu moyo unapoisukuma, ya chini ni pale moyo unapopumzika kati ya pigo na pigo. Ikifika 140 kwa 90 na kuendelea, kwa vipimo vya siku tofauti, hiyo ni presha ya kupanda. Ukikimbia, namba ya juu hupanda zaidi, na hilo ni la kila mtu. Anayeanzia 120 ana nafasi ya kupanda. Mimi nilikuwa naanzia 170. Daktari aliniambia ya juu ikifika 180, au ya chini 110, mazoezi ya nguvu yasubiri kwanza mpaka itulizwe.

Alinipima pia sukari kabla sijala, mkojo, figo, wingi wa damu, na umeme wa moyo. Hicho cha wingi wa damu wanawake wenzangu msikidharau. Wengi wetu tunatokwa na damu nyingi mwezini kwa ajili ya uvimbe kwenye kizazi, tukipanda ngazi tunahema, tunasema ni unene. Kumbe damu ni ndogo.

Si kila mtu anahitaji rundo hili la vipimo. Kijana mzima anayetaka kuanza kutembea, aanze tu, taratibu. Lakini kama umevuka 40 na umekaa miaka bila mazoezi, una kisukari au presha, unavuta sigara, kifua hubana unapojitahidi, au umewahi kuzimia, muone daktari kwanza. Na uliza nyumbani kama yupo ndugu aliyekufa ghafla akiwa bado kijana. Kwetu mtu akianguka tunasema karogwa, na habari inaishia hapo. Marc-Vivien Foé, kiungo wa Cameroon, alianguka uwanjani Lyon mwaka 2003, ana miaka 28, mchezaji wa kulipwa. Moyo wake ulikuwa na misuli iliyonenepa kupita kiasi, na ugonjwa huo mara nyingi hurithiwa.

Dawa unazotumia zitaje zote. Zipo za presha zinazopunguza kasi ya mapigo, ukitegemea saa ya mkononi itakudanganya. Zipo zinazokukojoza, na kwa joto la Dar utaishiwa maji upesi. Anayejidunga insulini apime sukari kabla ya kutoka, na abebe kitu kitamu mfukoni.

Nilidhani nitakatazwa mazoezi. Niliandikiwa. Kidonge kimoja asubuhi, chumvi ya mezani iondoke, na kutembea nusu saa siku tano kwa wiki, kwa mwendo wa kuweza kuongea lakini si kuimba. Mwezi wa nne presha ilisoma 132 kwa 84. Mwezi wa tano nikarudi klabuni, nikaanza na kundi la nyuma, natembea na kukimbia kwa zamu.

Siku hizi nina mashine yangu, ya kufunga juu ya kiwiko, na kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi tunapimana kabla ya kuanza. Mwezi uliopita alikaa kijana wa bodaboda, miaka 31, mwembamba. Ikasoma 158 kwa 98.

"Mashine yako mbovu hii, mama."

"Kaa dakika tano, mwanangu, usiongee."

Tukarudia. 156 kwa 98. Hakukimbia siku ile, alitembea nami mpaka mwisho. Jumatatu alikwenda zahanati, namba zote mbili kaziandika kwenye kiganja.