Najichoma Ozempic na matooke yananirudi usiku, nile nini?

SWALI: Habari daktari wa lishe. Mimi ni mama wa miaka 43, naishi Ntinda hapa Kampala, kazi yangu ni ya kukaa ofisini kutwa. Nilikuwa kilo 96, daktari akaniandikia Ozempic, sindano ya mara moja kwa wiki, nipungue uzito, mwezi wa kwanza nilichoma miligramu 0.25 sikuona shida, sasa niko wiki ya sita nimepanda 0.5 na nimefika kilo 91. Nachoma Ijumaa jioni. Shida njaa sina kabisa, asubuhi chai kavu, mchana naruka, jioni saa mbili napakua matooke (ndizi za kupika) na mchuzi wa binyebwa (karanga) kama wenzangu nyumbani, nusu sahani tu tumbo limejaa, nikilala nasikia chakula kimesimama hapa kifuani na nimeshatapika mara mbili. Choo ni baada ya siku tatu nne. Nikisimama ghafla nasikia kizunguzungu. Sukari sina ila presha ninayo, nameza vidonge kila asubuhi. Rafiki yangu kaniletea majani ya chai ya kusafisha tumbo, na dada yangu anasema niache matooke na posho (ugali) kabisa. Nimsikilize nani?

JIBU: Dada, kabla ya hao wote tuanze na hicho kizunguzungu, maana umekitaja kwa kupita tu na mimi ndicho kilichonishtua. Mtu anayemeza dawa ya presha halafu hali, hanywi vizuri, anatapika na uzito unashuka, presha yake inaweza kushuka kupita kiasi, na vidonge ulivyoandikiwa ukiwa kilo 96 unakula kawaida huenda sasa vimekuwa vikali kwako, hasa kama kimojawapo ni cha kukojoza. Usiviache kwa kujiamulia. Nenda wiki hii, kesho ukiweza, upimwe presha umekaa na upimwe tena umesimama, waambie kwamba unatapika, na waangalie figo pia maana mwili ukikaukiwa maji figo ndizo zinaumia. Hayo majani ya chai mrudishie mwenyewe. Chai nyingi za aina hiyo zina sena, yaani jani la kuharisha, sasa wewe maji tayari hayakutoshi unataka kuyamwaga tena chooni ya nini?

Haya, chakula. Dawa yako ni semaglutide, inaiga homoni moja inayoitwa GLP-1 ambayo utumbo wetu wenyewe huitoa tukishakula. Inauambia ubongo umeshiba, na pia inalifanya tumbo lichelewe kumwaga chakula kwenda chini. Mafuta nayo hata bila dawa yoyote huchelewa kutoka tumboni. Sasa angalia sahani yako ya saa mbili usiku: karanga karibu nusu yake ni mafuta, umeshinda njaa kutwa nzima, unakula mara moja, unakula kwa haraka kwa sababu kila mtu mezani anakula, halafu saa nne umelala chali. Hicho chakula kitaenda wapi? Kitarudi juu. Matooke yenyewe hayana kosa hapo, kwa hiyo dada yako simuungi mkono, mtu wa Kampala ukimwambia aache matooke na posho atafuata wiki mbili, ya tatu anakula kwa kujificha.

Kitu ninachotaka ukishike ni kwamba kwa dawa hii njaa haiwezi tena kukuongoza, imezimwa, kwa hiyo unakula kwa saa. Wagonjwa wengi wa sindano hizi wanaokuja kwangu wakiwa wamechoka, nywele zinakatika, wanadhani wanakula vibaya, ukiwauliza kumbe hawali. Na wanafurahi, manake mizani inashuka. Lakini mizani haikuambii kilichoondoka ni nini, sehemu ya hizo kilo tano zako ni mafuta na sehemu ni misuli, na mtu asiyepata protini na asiyetumia nguvu anapoteza misuli mingi zaidi. Hii ina maana kubwa kuliko watu wanavyodhani kwa sababu wengi wakiacha dawa uzito unarudi. Kuna utafiti mkubwa wa semaglutide, STEP 1, watu waliacha sindano baada ya wiki 68 na mwaka mmoja baadaye walikuwa wamerudisha kama theluthi mbili ya uzito waliokuwa wamepunguza. Misuli usiyoilinda sasa hivi haitarudi yenyewe kirahisi namna hiyo.

Kwa hiyo nafasi ni ndogo tumboni, protini iingie kwanza. Kwa uzito wako ningelenga gramu 80 hivi kwa siku (wakikuta figo zina tatizo tutaongea upya). Haiwezekani kuzila zote usiku, ndiyo maana lazima uzigawe. Yai moja lina kama gramu 6, kikombe cha maziwa au bongo (maziwa mgando) 8, kikombe cha maharage yaliyoiva 15, kipande cha ngege (sato) cha ukubwa wa kiganja 20 na kitu. Mukene, yaani dagaa, ndio bingwa na ndio tunaudharau, mkavu zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini, bei yake hata sokoni Owino au Nakawa unaijua mwenyewe, na unapata kalsiamu kwa sababu unatafuna na mifupa. Kama harufu inakuchefua, na wengi kwenye dawa hii harufu zinawachefua, usaidie kwa nyanya na ndimu, au nunua wa kusaga unyunyize kijiko kwenye mchuzi mwingine.

Hebu nikuchoree siku moja. Asubuhi kabla ya kutoka mayai mawili ya kuchemsha na kikombe cha maziwa, kama mawili yanakushinda kula moja na lingine uende nalo kazini. Katogo ya matumbo (matooke yaliyopikwa pamoja na utumbo) iache kwa sasa, na rolex ya pale steji, ile chapati ya kukunjwa na yai, pia, siyo kwa sababu ya yai, ni chapati na mafuta yake. Mchana ofisini hata kama husikii kitu ikifika saa saba unakula, ngege wa kuchemsha au wa mvuke, maharage vijiko vichache, mboga za majani kama nakati au dodo (mchicha), halafu mwishoni ndio matooke, vidole viwili vitatu au posho kipande kidogo, kikishindikana kikibaki hakuna hasara. Saa kumi bongo kikombe kimoja. Jioni usingoje saa mbili, kula saa kumi na mbili au saa moja, kidogo, mukene au kuku asiye na ngozi au maharage, na mboga. Binyebwa ukiitamani weka vijiko viwili juu ya samaki kama kiungo, isiwe ndio mchuzi mzima wa sahani. Tumia kisahani kidogo, tafuna polepole, na ile dalili ya kwanza ya kushiba, wengine wanapata kwikwi, wengine pua inaanza kuchuruzika, wewe unaacha hapo hapo hata kama kumebaki tonge moja. Najua nyumbani kwetu kubakisha chakula ni kumtukana mpishi. Waeleze tu. Halafu usilale mpaka zipite saa mbili tatu.

Choo: maji kwanza. Usinywe glasi kubwa pamoja na chakula kwa sababu yanajaza nafasi, kunywa kidogo kidogo katikati ya milo, chupa iwe mezani ofisini, mpaka mkojo uwe wa rangi ya kupauka. Papai, matunda ya passion pamoja na mbegu zake, dodo, ntula (nyanya chungu), maharage, ila ongeza taratibu maana ukirukia nyuzinyuzi nyingi kwa siku moja kwenye tumbo lililopunguza mwendo utavimba gesi na utanilaumu mimi. Tembea dakika kumi baada ya chakula. Ikipita wiki hakuna mabadiliko muulize mfamasia kuhusu laktulozi, dawa ya kulainisha choo, ni laini na haikamui tumbo kama hayo majani.

Misuli nayo inataka kazi. Huhitaji jimu, chukua jerikeni mbili za lita tano, jaza maji, nyanyua, kaa kwenye kiti na kusimama mara kumi kumi, siku tatu kwa wiki. Ila subiri kwanza presha ipimwe.

Halafu hiyo Ijumaa yako. Semaglutide inafika kilele kwenye damu kati ya siku ya kwanza na ya tatu baada ya kuchoma, yaani wewe kuanzia Jumamosi jioni hadi Jumatatu ndio dawa iko juu, na Jumamosi Kampala ni kwanjula (sherehe ya kumtambulisha mchumba), ni harusi, unapakuliwa luwombo (mchuzi uliopikwa kwenye jani la ndizi), pilau na nyama ya kukaanga sahani moja na huwezi kukataa. Siku ya kuchoma inaruhusiwa kubadilishwa mradi kati ya dozi na dozi zisipungue saa 48, lakini kwa vile unatapika usijipangie, mwombe daktari akuhamishie katikati ya wiki. Bia na waragi (pombe kali) kwa sasa hapana, tumbo lenyewe halijatulia.

Kuna mambo hayangoji miadi. Maumivu makali ya tumbo yasiyoachia, hasa yakipenya hadi mgongoni pamoja na kutapika, nenda hospitali siku hiyo hiyo na usichome tena mpaka uonwe, kongosho linaweza kuwa limevimba. Maumivu chini ya mbavu za kulia au macho kuwa njano, hayo yanaweza kuwa mawe ya nyongo, uzito ukishuka kwa kasi huwa yanatokea. Na ukishindwa kubakisha hata maji tumboni siku nzima, nenda.

La mwisho, baada ya wiki nne za 0.5 wengi wanadhani lazima wapande 1. Siyo lazima. Ukiwa bado unatapika au hujaweza kula hivyo nilivyokuchorea, mwambie daktari akuache hapo 0.5 mwezi mwingine, dawa inafanya kazi hapo pia, na hizo kilo tano umezipunguza kwa dozi ndogo tu. Niandikie ukishapima presha, uniambie na majina ya hivyo vidonge.